Siku moja Roma, mkiwa wawili

Ndugu, umeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kumaliza Colosseum, ule uwanja wa kale wa Kirumi, na Vatican Jumapili moja. Badilisheni siku: Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na foleni ya siku hiyo haifai kwa wapendanao.

Tuseme Jumamosi. Colosseum iwe saa mbili na nusu asubuhi, tiketi mkate mapema mtandaoni. Jina lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Ukiandika jina la utani, mlangoni mtasumbuana. Kisha tembeeni hadi Pantheon, hekalu la kale la Kirumi, dakika 20 na ushei. Mkiwa ndani tazameni sakafu chini ya tundu la paa: ina vitobo vidogo vya kumeza maji ya mvua.

Kwenda Vatican, treni ya chini ya ardhi, Metro A, ipandieni kituo cha Spagna, mshukie Ottaviano. Pale Spagna msikalie zile ngazi maarufu, kuna faini. Mkeo abebe mtandio, wewe vaa suruali ndefu. Mabega na magoti wazi hayaingii Basilika la Mtakatifu Petro.

Maji msinunue. Bomba za mitaani ni salama: ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia kitobo, unywe.