Usitupe vyombo vyote, anza na vya moto

Mdogo wangu uliyeuliza kama utupe plastiki zote kwa kuwa shangazi yako kapata saratani ya matiti: hapana, usijitie hasara. Hapa kwetu Ngamiani, Tanga, asubuhi utaona supu inamiminwa kwenye mfuko wa nailoni ikiwa bado inatokota, mfuko unalegea mpaka unaogopa kuushika. Joto na mafuta ndivyo vinavyozichomoa kemikali za plastiki kama BPA na fthaleti, zinazovuruga homoni. Mimi naenda na bakuli langu la stili. Muuzaji ananicheka, lakini anajaza. Ndoo ya maji baridi hainikoseshi usingizi.

Kinachonitia shaka zaidi ni saluni. Utafiti wa Marekani wa 2019, wa wanawake zaidi ya 46,000, ulikuta saratani hii zaidi kwa waliotumia rangi ya kudumu ya nywele, na kwa wanawake weusi hatari ilizidi ya wasiotumia kwa kama asilimia 45. Kwa dawa za kunyoosha nywele ilikuwa asilimia 18 hivi. Haujathibitisha kwamba rangi ndiyo chanzo, ila mimi nimerudi kwenye twende kilioni na hina ya majani (si piko, ile mara nyingi ni rangi ya nywele tu).

Pombe, kama unagusa, ina ushahidi mzito kuliko kopo lolote. Na shangazi ni upande wa baba, wengi hudhani hauhesabiki. Mtaje kwa daktari, urithi hupita huko pia.