Njia kukanyagwa si ruhusa: jibu kwa dada wa Reading

SWALI: Habari fundi. Naishi Reading, hapa England, na mwaka huu nimenunua baiskeli ya changarawe, ile ya kwendea njia zisizo na lami. Mimi na wenzangu watatu tulitaka kuifuata Ridgeway, ile njia ndefu ya mashambani, kutoka Goring mpaka Ivinghoe Beacon. Faili la njia, la kufuatwa kwenye ramani ya simu, tulilinunua mtandaoni kwa kijana aliyesema kote kunapitika kwa baiskeli. Tulipokaribia Nuffield, mzee mmoja mwenye mbwa akatusimamisha, akasema hapo ni pa waenda kwa miguu tu, tushuke turudi tulikotoka. Tulibishana naye. Simu inaonyesha njia, na njia yenyewe ipo, imekanyagwa. Je, alikuwa na haki? La pili: tairi zangu ni milimita 38. Nikiweka pana zaidi, matope ya huko hayatanisumbua sana?

JIBU: Dada yangu, mzee alikuwa sahihi. Mlikuwa kwenye Grim's Ditch, lile tuta la kale na handaki lake linalopanda kutoka Mongewell, karibu na mto Thames, kwenda Nuffield. Ridgeway inapita hapo, na alama ya tunda la mwaloni mliiona kwenye nguzo. Alama hiyo inasema tu kwamba hii ni njia ya kitaifa. Nani apite na apite vipi, haisemi.

La tairi ni jepesi, tulimalize. Milimita 38 zinatosha kwa safari ya kiangazi. Kinachowaumiza watu kule ni chaki na gumegume, lile jiwe gumu lenye kingo kali. Chaki ikilowa inateleza kama sabuni, na hakuna upana wa tairi utakaokuokoa ukikata kona kwa kasi. Gumegume linachana tairi ubavuni, kwa hiyo tumia tairi zisizo na tyubu zenye maji ya kuziba pancha, na kiraka kikubwa ubebe hata hivyo. Kwenye udongo wa mfinyanzi, tairi pana katika fremu nyembamba ni balaa: nafasi kati ya tairi na fremu inapungua, matope yanajazana pale juu, gurudumu linagoma. Likigoma shuka, uchokoe kwa kijiti. Ukilazimisha pedali, kifaa cha gia cha nyuma kinajipinda na kuingia kwenye spoki. Na yule anayewashauri watu wapake fremu mafuta ya kupikia ili matope yasigande, mwacheni. Mafuta yakifika kwenye diski za breki, mteremko wa kwanza utakufundisha.

Sasa turudi kwenye neno lako lililonikera: "njia ipo, imekanyagwa." Nalisikia kila wiki, na wenye kulisema ni watu wazima wenye akili zao. Naelewa linakotoka. Kwetu njia ikishakanyagwa ni ya wote: anapita mama na kuni zake, anapita muuza mkaa na magunia yake matatu kwenye baiskeli, wanapita mbuzi, na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. England haiko hivyo. Ardhi chini ya njia kwa kawaida ni ya mtu, na alichonacho umma ni haki ya kupita kwa namna fulani tu. Njia ya miguu ni ya miguu. Njia ya farasi ni ya miguu, ya farasi na, tangu sheria ya maeneo ya mashambani ya mwaka 1968, ya baiskeli pia, kwa sharti kwamba mwendesha baiskeli awapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Ipo aina ya tatu, inayoruhusu chochote kisicho na injini, na ya nne iliyo wazi hata kwa magari. Mishale kwenye nguzo inakwambia: njano ni miguu, buluu ni farasi, zambarau ni ile isiyo ya injini, nyekundu ni ya wote. Mngeangalia rangi ya mshale pale chini mtoni, msingefika kwa mzee.

Wenye ujanja huniambia, "Lakini si kosa la jinai." Kweli, kwa kawaida si jinai. Ni kuingilia ardhi ya mtu, shauri la madai kati yako na mwenye shamba, ingawa yapo maeneo yenye sheria ndogo zinazoligeuza kuwa kosa. Mzee hakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu. Ninyi nanyi hamkuwa na hoja ya kubishana naye.

Wengine wamedanganywa na marafiki walioko Glasgow. Scotland ina sheria yake ya mwaka 2003, na kule baiskeli inaruhusiwa karibu kila mahali mradi uwe mstaarabu. Ukivuka mpaka kuja kusini, ruhusa hiyo unaiacha huko. Hata zile nyanda na milima ya England iliyofunguliwa kwa umma kwa sheria ya mwaka 2000 ilifunguliwa kwa watembeao, na baiskeli haimo.

Tatizo kubwa ni simu. Programu ya ramani inaunganisha vistari. Ile rangi nyekundu inayowaka, eti ndiko "watu wengi wanapita", inaonyesha mahali simu zilipopita. Haikwambii mwenye simu alikuwa na viatu au magurudumu, wala kama alikuwa na haki ya kuwepo. Kijana akiona wekundu anachora faili, analipatia jina tamu, anabandika picha za machweo, anauza. Anayelinunua anapita, simu yake inaongeza wekundu, na kijana mwingine anachora faili lake. Hivyo ndivyo njia ya miguu inavyogeuka "njia maarufu ya changarawe" bila halmashauri yoyote kujua.

Jina la njia nalo halikulindi. Ridgeway yenyewe, kutoka Streatley kwenda magharibi mpaka Overton Hill karibu na Avebury, ni halali kwa baiskeli mwanzo hadi mwisho. Vuka Thames kwenda mashariki, jina ni lile lile ila haki inakatika vipande vipande: kutoka Britwell Hill karibu na Watlington mpaka Wainhill jirani na Chinnor unapita kwa raha, lakini kabla na baada ya hapo sehemu kubwa ni ya miguu. South Downs Way, kilomita 160 kutoka Winchester mpaka Eastbourne, inasifiwa kuwa ya baiskeli yote. Ukifika mwishoni, tawi linalopita juu ya ile miamba myeupe ya Seven Sisters ni la miguu tu. Baiskeli inapita ndani, kwa Alfriston na Jevington. Kila mwaka watu wanaifuata bahari kwa sababu picha ni nzuri, kisha wanashangaa kuzomewa.

Kabla ya kutoka, fungua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ya kipimo cha 1:25,000. Vistari vya kijani vifupi ni miguu, virefu ni farasi. Kwenye skrini ndogo vinafanana, kwa hiyo ivute ramani ikaribie, kipande kwa kipande. Ukibaki na shaka, halmashauri ya kaunti ndiyo yenye ramani rasmi ya njia, na nyingi zimeiweka mtandaoni. Ukiwa njiani angalia uzio. Ukikuta kikanyagio cha mbao cha kurukia ua, simama. Farasi hapiti pale, kwa hiyo karibu kwa hakika uko kwenye njia ya miguu, na kuinua baiskeli juu ya ua hakukupi haki uliyokuwa huna.

Ninyi wanne mna bahati ya mahali mnapoishi. King Alfred's Way, mzunguko wa kilomita 350 uliozinduliwa na Cycling UK, chama cha waendesha baiskeli, mwaka 2020, unapita hapo hapo Reading. Ufuateni mpaka Streatley, pandeni Ridgeway kuelekea magharibi. Kutoka hapo mpaka Overton Hill ni kama kilomita 70, mkipita karibu na farasi mweupe wa Uffington, ile picha kubwa ya kale iliyochorwa kwa chaki mlimani. Bebeni maji, mabomba huko juu ni ya kuhesabu. Mkitaka kurudi kwa treni kutoka Swindon, ulizieni mapema nafasi za baiskeli.

Kwenu wengine mnaonunua mafaili: kabla ya kutoa pauni yako, muulize muuzaji lini aliipita njia hiyo yeye mwenyewe, na kila kipande ni njia ya aina gani. Aliyeifanya kazi yake atakujibu papo hapo, na atakuonyesha ni wapi aliacha mstari wa jina akazunguka kwa barabara. Akijibu kwamba "kila mtu anapita," hajafanya kazi, na siku utakaposimamishwa getini na mwenye shamba, yeye hatakuwepo.