Sikio kwanza, kamera baadaye

SWALI: Shikamoo Dada Nesi. Mwanangu ana miezi minne. Mchana nikimlaza chumbani mimi huwa jikoni au nafua uani, na mlango ukifungwa simsikii hata akilia. Mume wangu anataka tununue kamera ya kuangalia kwenye simu, pamoja na ile soksi inayopima mapigo ya moyo, ili usiku tulale bila wasiwasi. Mimi naona kifaa cha sauti tu kinatosha, ila naogopa kuonekana nabania pesa kwenye usalama wa mtoto. Tuchukue kipi? – Mama wa Miezi Minne

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Acha nianze na soksi, maana ndiyo inayonigusa zaidi.

Nimehudumu miaka mingi katika wodi ya watoto wachanga, na vipimo vya namna hiyo navijua. Hupitisha mwanga kwenye ngozi kusoma oksijeni na mapigo. Mtoto akirusha mguu kikasogea kidogo tu, namba zinayumba na kengele inalia. Wodini nesi yuko jirani, anamtazama mtoto kwanza, rangi yake na anavyopumua, ndipo anaigeukia mashine. Nyumbani, saa nane za usiku, ni wewe unayekurupuka na kumkuta mtoto amelala vizuri kabisa. Hali hiyo ikijirudia, ama utakosa usingizi, ama utaizima.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, katika mwongozo wake wa 2022, kinashauri wazazi wasitegemee vifaa vya nyumbani vya kupima moyo na pumzi kama kinga ya vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Kinachosaidia ni mtoto kulazwa chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, pasipo mito, mablanketi wala midoli, kwenye kitanda chake lakini ndani ya chumba chenu, walau kwa miezi 6 ya mwanzo. Mume wako anatafuta usalama, na hapo ndipo ulipo. (Mtoto aliyeagizwa kipimo na daktari, kwa mfano njiti au mwenye tatizo la moyo, huyo afuate maelekezo ya daktari wake.)

Kwa hiyo usiku yuko karibu nanyi, mnamsikia kwa masikio yenu. Kifaa mnakihitaji mchana, na mchana sauti inatosha. Hubanii chochote. Kamera inakutaka uitazame, lakini sauti inakufuata hata mikono ikiwa kwenye povu la sabuni. Picha itakufaa zaidi baadaye, atakapoanza kusimama kitandani na ukataka kujua kama anacheza au amekwama.

Mkienda dukani, tafuteni kwenye boksi maandishi DECT. Ni mawasiliano ya kidijitali ya masafa ya takriban 1.9 GHz, hayagongani na waifai ya nyumbani, na si rahisi kudukuliwa. Vile vya zamani vya analogia, jirani mwenye kipokezi (ile sehemu ya kusikilizia unayotembea nayo) kama chako anaweza kusikia mnayozungumza chumbani. Umbali ulioandikwa, tuseme mita 300, hupimwa mahali pa wazi. Kuta za zege na vyuma huupunguza sana.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kifaa kipige kengele kikitoka nje ya masafa au betri ikiwa inaisha. Kifaa kilichokufa kimya hakina tofauti na mtoto aliyelala, na mzazi hawezi kujua. Sehemu zote mbili, ya chumbani kwa mtoto na kipokezi, ziwe na betri, kwa ajili ya umeme kukatika. Mkishanunua, wekeni redio kwa sauti ya chini chumbani kwa mtoto, kisha utembee na kipokezi hadi jikoni, bafuni na uani. Pakiwa na sehemu isiyosikika, kirudisheni mapema, boksi na risiti vikiwa bado vipo.

Ile sehemu ya chumbani kwa mtoto na waya wake vikae umbali wa mita 1 au zaidi kutoka kitandani. Usivifunge kamwe kwenye fito za kitanda. Mtoto wa miezi minne hafikii leo, lakini mikono yake inakua haraka, na waya shingoni ni hatari ya kweli, kubwa kuliko nyingi tunazozihofia.

Kama mume wako bado anaitaka kamera, ile yenye skrini yake isiyopita intaneti ndiyo ninayoipenda. Ya simu ina kasoro ambayo wengi hawaifikirii: intaneti ikikatika, mara nyingi huoni kitu.

SWALI: Habari Dada Nesi. Tumepewa kamera ya mtoto iliyotumika, ya kuunganisha na simu. Je, ni salama? – Baba Mpya

JIBU: Nzuri, kaka. Kabla ya kuiwasha chumbani, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, na mwenye nayo wa awali aiondoe kwenye akaunti yake. La sivyo, anaweza kuendelea kuona chumba chenu bila hata kukusudia. Weka nywila mpya, ndefu, usiyoitumia kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili (mbali na nywila, anayeingia aombwe uthibitisho wa pili, kwa mfano namba inayotumwa kwenye simu yako). Kisha angalia kama mtengenezaji bado anatoa masasisho ya programu ya modeli hiyo. Kama ameacha, usiiunganishe. Na betri iliyovimba ikiwemo, usiichaji.