Mgeni Hafichwi Kibla: Barua kwa Mwanangu

Tumsifu Yesu Kristo.

Mama (nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na sijazoea kukuita vinginevyo), ujumbe wako niliusoma mara mbili: mara ya kwanza kwenye simu, nimesimama chini ya miembe ya misheni baada ya Misa, na mara ya pili nyumbani, mama yako aliponitafutia miwani. Unasema umewekwa kwenye kamati inayoandaa Wiki ya Utume hapo chuoni kwenu. Kutakuwa na Misa ya jumuiya nzima ya chuo, maandamano ya wahadhiri waliovaa majoho, na mhadhara kuhusu maana ya kuwa chuo kikuu cha Kikatoliki. Mwenzako wa idara, Muislamu, ambaye mnasaidiana kusahihisha mitihani, alipopokea mwaliko alikuuliza bila hasira yoyote, "Nije kama nani?" Ukakosa jibu, na sasa unaniuliza mimi kama ni haki kwa chuo chenye watu wa dini nyingi kusherehekea dini moja.

Swali la haki silioni gumu kiasi hicho. Jina la chuo limeandikwa langoni, na kila aliyeomba kazi au nafasi ya masomo alilisoma kabla ya kuingia. Hati ya Papa Yohane Paulo II kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae, aliyoitoa tarehe 15 Agosti 1990, inataka roho ya Kikristo iwe ya jumuiya ya chuo yenyewe, si ya mtu mmojammoja tu. Hati hiyohiyo inaagiza kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Mambo hayo mawili yamekaa ndani ya hati moja, lakini hakuna ukurasa unaokueleza yatakavyotembea pamoja asubuhi ya maandamano. Kwa hiyo mimi nitakujibu kuhusu hilo la kutembea pamoja, ingawa hukuniuliza.

Bibi yako alikuwa na msemo wake, nao umeusikia hadi ukauchoka: mgeni hafichwi kibla, yaani upande ambao Muislamu huuelekea akiswali. Unaikumbuka nyumba ya Bagamoyo ilivyokuwa kabla hatujaibomoa, ile sebule yenye picha ya Moyo Mtakatifu na rozari iliyoning'inia kwenye msumari. Muislamu akija kulala kwetu, na katika mji huu ni nani asiyekuwa na ndugu au rafiki Muislamu, bibi yako hakuitoa ile picha wala hakuifunika kwa kanga. Alimwonyesha mgeni mtungi wa maji, akamwonyesha msalani, kisha akamtandikia mkeka safi chumba cha nyuma na kumwambia, "Kibla ni huku, bahari ikae mkono wako wa kulia." Baada ya hapo alirudi sebuleni na kuendelea na rozari yake kwa sauti ileile ya kila siku. Utoto wangu wote niliona ni jambo la kawaida tu, kama kumkaribisha mtu chai. Nilikuja kujua uzito wake nilipokuwa mtu mzima na cheo juu yake, baada ya kuukosea mara mbili.

Sijawahi kukusimulia habari hii yote. Ulikuwa mdogo, na mama yako tulikubaliana asiitaje mezani.

Unajua kwamba katika miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya Kanisa, mbali na hapa. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Muislamu, ndiye huyu unayemfahamu kwa jina la Maalim, na binti yake alikuwa Kidato cha Tatu shuleni hapohapo. Mwaka wangu wa kwanza, sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake, ilipofika, nilitaka wazazi waone kwamba shule imepata mkuu wa shule. Niliagiza wanafunzi wote waandamane, bila kumuuliza yeyote kama anataka. Bendera ya somo, ya kitambaa cha buluu alichokishona mama yako kwa siku nne, nilimpa ashike binti wa Maalim kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wenzake na ingeonekana vizuri. Hakukataa. Alishika mti wa bendera kwa mikono miwili, akaangalia mbele, akatembea.

Tulipofika nusu ya njia manyunyu yakaanza. Kile kitambaa kilikuwa hakijawahi kufuliwa, na rangi ikaanza kuchuja. Nilikuwa nyuma yake kama hatua sita, nikaona tone la buluu likianguka begani kwenye ushungi wake mweupe, likafuata la pili, kisha mchirizi mzima ukashuka mgongoni, naye hakugeuka wala hakuiinamisha bendera. Niliyaona yote hayo, mwanangu, na sikusimamisha maandamano, kwa sababu kwaya ilikuwa inaimba vizuri na mgeni rasmi alikuwa anatutazama. Mama yako aliuchukua ule ushungi akauloweka, akautia ndimu, akauanika juani siku tatu. Alama haikutoka. Tulinunua mwingine tukaupeleka kwa Maalim, naye akaupokea kwa adabu zote, akashukuru, na hakusema neno. Afadhali angesema.

Mwaka uliofuata nikajirekebisha, au nilidhani hivyo. Niliiondoa Misa kwenye ratiba ya sikukuu, nikayafuta maandamano, nikafuta na jina la somo, na siku yenyewe nikaiita Siku ya Wazazi. Kulikuwa na ngonjera, riadha, na pilau. Ratiba zilichapwa kwa stensili ofisini kwangu, na nilijiona nimekuwa mtu wa hekima. Asubuhi yake Maalim aliingia ofisini na ile karatasi mkononi, akaiweka juu ya meza, akauliza, "Somo wenu yuko wapi?" Nikaanza kumweleza habari za umoja na kutomkwaza mtu. Aliniacha nimalize, kwa kuwa ni mtu anayemwacha mwenzake amalize, kisha akasema maneno ambayo naweza kuyaandika hapa bila kukosea hata moja: "Mwaka jana ulimvika mwanangu dini yako. Mwaka huu umeivua na wewe mwenyewe. Mimi nilimleta mtoto hapa kwa sababu nilijua kuna Mungu mnayemwogopa kuliko mkaguzi wa shule. Sasa nimemleta kwa nani?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana swali la mwenzako lilinipiga. "Nije kama nani" na "nimemleta kwa nani" ni swali moja lililopita mlango wa mbele na mlango wa nyuma.

Najua utasema baba amempata Muislamu mmoja aliyesema lile ambalo Mkatoliki angependa kusikia, na sasa anamtembeza kama ushahidi. Nami nimejiambia hivyo mara nyingi. Walikuwapo walimu wengine wawili Waislamu, na mmoja Mlutheri, ambao hawakuja ofisini. Inawezekana walishusha pumzi Misa ilipofutwa. Sikuwauliza, wala sasa siwezi kuwasemea. Lakini hata kama wote watatu walifurahi, bado naona niliwadanganya, kwa kuwa shule haikuwa imeacha kuwa ya Kanisa kwa sababu ya karatasi moja ya stensili. Mwenye shule alikuwa yuleyule, na mimi nilikuwa nimemficha tu. Anayeficha mwenye nyumba humwacha mgeni aendelee kupapasa kuta, asijue lipi linaruhusiwa na lipi litamletea ubaya kesho.

Ninyi wasomi mnasema utume, na ni neno zuri. Kwetu hapa watu husema misheni, na misheni ni mahali: ni ile njia ya miembe, ni makaburi ya mapadri, ni kanisa kubwa. Wakati mwingine nafikiri ingewafaa kamati yenu kuuona utume kuwa mahali, kwa sababu mahali pana majirani. Padri Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 na kusimika msalaba pwani hii, hawakukuta nyika tupu. Walikuta mji wa Waislamu ulio chini ya Sultani Majid. Sisi tunaosherehekea leo ndio tuliokuja kama wageni, tukaonyeshwa mahali pa kukaa. Mwaka 2018, katika Jubilei ya miaka 150, mahujaji walipojaa mji mzima kutoka kila jimbo la nchi hii, niliyasema hayo kwenye jumuiya yetu ndogondogo, na mama mmoja akaniambia kwamba sikukuu si siku ya kukumbushana kwamba tulikuja kama wapangaji. Mimi naona ndiyo siku yake hasa.

Na walichokifanya wale mapadri ndicho kilichowatambulisha: waliwakomboa watumwa, watoto kwa wakubwa, wakawajengea kijiji, wakawapa mashamba na ufundi. Najua pia utakachonijibu. Ulikwisha kunijibu ukiwa mwaka wa pili, jioni ile mama yako alipoacha kula: kwamba kijiji kile kilikuwa na kengele na sheria kali, na kwamba mtoto aliyekombolewa kwa fedha hakuulizwa anataka dini gani. Nilikukemea siku ile. Leo sikukemei, maana nimekusimulia habari ya ushungi, na wewe mwenyewe unaona kwamba mtu anaweza kufanya jema la kweli kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukimkabidhi mtoto bendera asiyoiomba. Hilo nalo lingefaa kusemwa kwenye huo mhadhara wenu, tena lisemwe na Mkatoliki, asisubiriwe mgeni aje alitaje.

Ukipita tena misheni, utazame ule mnara. Mwili wa David Livingstone, Mprotestanti wa Kiskoti, uliletwa hapo Februari 24, 1874, baada ya kubebwa na wasaidizi wake Chuma, Susi na wenzao kwa miguu kutoka Chitambo, ambako sasa ni Zambia. Ulilala kwenye kanisa la Wakatoliki kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, na mpaka leo mnara wa kanisa hilo watu wanauita Mnara wa Livingstone. Mwenye nyumba hakuubomoa mnara kumridhisha mgeni, na mgeni hakubatizwa upya ili apate kulazwa humo, lakini ni jina la mgeni lililobaki. Sijui kama mapadri wa wakati ule walilipanga hilo, ila mimi hunifurahisha kila ninapopita.

Usidhani pia kwamba jina likiondoka kila kitu huondoka. Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955, ilikuwa shule ya Mtakatifu Fransisko. Baada ya sheria ya 1969 shule za misheni zikawa za serikali, na zilibaki na sifa zao kwa muda mrefu. Hapo najipinga mwenyewe, naona. Kama heshima ya shule inaweza kuishi bila jina la mtakatifu, pengine Siku yangu ya Wazazi haikuwa dhambi kubwa kama ninavyoibeba. Lakini Pugu haikujificha. Sheria ilitangazwa, na kila mtu akajua nyumba imehamia kwa nani.

Ulimi unaniwasha nikuambie la kufanya kuhusu yale maandamano. Nina maoni, tena makali, hasa kuhusu barua ya mwaliko uliyonitumia, ambayo inasema "wanajumuiya wote wanatarajiwa kuhudhuria" bila kueleza kama kutarajiwa maana yake ni kuandikwa jina mlangoni. Lakini nilipokuwa na mamlaka nilitoa maamuzi mawili, na yote mawili yalimkosea mtu yuleyule. Kamati ni yako. Hilo la barua tu ndilo ninalokuomba ulitazame tena, na zaidi ya hapo nimejizuia, mama yako ni shahidi, amekaa hapa ananitazama.

Jana jioni nilimpigia Maalim, ambaye siku hizi anaishi Pangani na masikio yamemlegea kidogo, nikamsomea swali la mwenzako polepole. Alicheka sana, akakohoa, akaniuliza kama ile bendera bado ninayo. Nikamwambia mama yako aliikata matambara zamani. Kisha akataka kujua kama hiyo Misa yenu itaisha karibu na adhuhuri, na kama pale ukumbini pana bomba la kutawadhia na kona ya kutandika mkeka. Nilimwambia sijui, nitakuuliza. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana ameahidi kupiga tena.

Mama yako anakusalimu, anasema ukija ulete dagaa.

Ni mimi baba yako,
Bagamoyo