Uliza Fundi: Nitaijuaje ripstopu ya kweli?

SWALI: Jambo, Mama Fundi. Mimi ni kijana wa Himbi, hapa Goma. Mimi na wenzangu tunapenda kupanda milima, na tunataka kujishonea turubai jepesi na mifuko ya mgongoni, maana vya dukani hatuviwezi bei. Muuzaji mmoja pale soko la Virunga alinionyesha kitambaa chenye miraba, akaniambia ni ripstopu, kile kitambaa chepesi kinachozuia mpasuko. Nitajuaje kama ni kweli? Na cha bei nafuu nikitafute wapi?

JIBU: Jambo, mwanangu. Afadhali umeuliza kabla ya kutoa pesa, maana miraba peke yake si ushahidi. Siku hizi kuna vitambaa vyepesi vilivyochapwa miraba kwa rangi tu.

Kiinue kwenye mwanga, halafu kipitishie ukucha polepole. Ripstopu ya kweli imefumwa kwa nyuzi nyembamba, na kila baada ya milimita 5 hadi 8 hivi unapita uzi mnene, kwa urefu na kwa upana. Ukucha utarukaruka kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, juu ya mawe ya lava, na miraba utaiona pande zote mbili. Ile ya kuchapwa, ukucha unateleza tu. Uzi ule mnene ndio unaouzuia mpasuko usiendelee: jiwe likitoboa, tundu linafika kwenye uzi, linakwama. Ninyi mnaopita kwenye mawe ya Nyiragongo, pesa yenu inanunua uzi huo.

Kisha omba nyuzi mbili tatu za pembeni, utoke nazo nje mbali na nguo za watu, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ila poliesta hutoa moshi mweusi zaidi. Kwa turubai mimi ningechukua poliesta, kwa sababu nailoni ikilowa hulegea, na usiku wa mvua utaamka kuzikaza kamba upya. Jua nalo huila nailoni haraka zaidi. Kwa mifuko, chukua nailoni; inavumilia kusuguliwa.

Kitambaa cha madoa ya kijeshi nacho mara nyingi kina miraba hiyo. Usikiguse, mwanangu. Ukikivaa au kukibeba njiani unaweza kupata matatizo makubwa, na kile chenye pamba kikinywa maji ni mzigo. Shitingi nayo ni plastiki iliyofumwa, nzuri kwa paa, nzito mgongoni.

Bei nafuu iko kwenye mitumba. Pale Virunga na Birere, waulize wanaofungua marobota kama wana hema lililovunjika vyuma, maana anayetaka hema zima halichukui. Kifuniko chake cha nje kinakupa mita kadhaa, na zipu na kamba juu yake. Makoti ya mvua makubwa yanatosha vifuko vidogo.

Ila geuza upande wa ndani kabla ya kukubali bei. Ukinata vidoleni na kunuka kama matapishi, ujue utando wa poliurethani, ule unaozuia maji, umeoza, na hakuna sabuni ya kuuponya. Ukibanduka magamba, vilevile uache. Ukionekana mzima, kunja kitambaa kama bakuli, mimina maji kidogo, na mkono mkavu uwe chini yake wakati mnaendelea kupatana. Mimi sitoi faranga hata moja kabla sijafanya hivyo, na wauzaji wangu wamezoea.

Kwenye cherehani tumia sindano mpya namba 70 au 80 na uzi wa poliesta. Wa pamba huoza. Usibanie pini katikati, kila tundu linavujisha. Kingo zilizokatwa zipitishie moto wa kiberiti kwa mbali kidogo, zisichanguke. Mishono ya kitambaa kilichopakwa silikoni izibe kwa silikoni, kwa sababu utepe wa kubandika haushiki hapo. Ikaushe siku nzima kabla ya kukunja.