Je, Kuifanya Kompyuta Ijitambue ni Kushindana na Mwenyezi Mungu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, nasoma shahada ya uzamivu Ujerumani. Maabara yetu inatafiti kama kompyuta inaweza kupewa hali ya kujitambua. Programu yetu ina sehemu nyingi: moja inatazama kwa kamera, moja inasikiliza, moja inakumbuka. Zote zinashindania nafasi, na habari iliyoshinda hutangaziwa sehemu zote kwa pamoja. Tumeiunganisha na mkono wa roboti, na sasa inautofautisha mkono wake na vitu vingine vilivyo mezani. Baba alitumiwa klipu ya mhadhiri anayesema kila afanyaye kazi hii anamshirikisha Mwenyezi Mungu katika uumbaji, na chumo lake ni haramu. Tangu Mfungo Mosi hapokei simu yangu, na pesa ninazomtumia anazirudisha. Mama ananisihi niache masomo. Nami usiku najiuliza kama kweli nachezea roho. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, klipu hiyo nami nimetumiwa, na nimeisikiliza hadi mwisho. Swali lako limeninyima raha, kwa sababu baba na mtoto wamekatana kwa neno zito lililosemwa kwa wepesi. Basi nianze na hukumu ili upate kulala: kazi uliyoieleza si shirki. Asili yake ni halali, na posho unayolipwa ni halali, kwa masharti nitakayoyataja.

Hoja kubwa ya mhadhiri ni hadithi ya watengeneza picha, ambao Siku ya Kiyama wataambiwa: vipeni uhai mlivyoviumba. Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na hakuna Muislamu wa kuipinga. Lakini inazungumzia nini? Wanavyuoni wameieleza kuwa ni kuiga sura za viumbe wenye roho, na wakahitalifiana katika mipaka yake. Programu inayopokea habari za kamera na kuzigawa haina sura ya kiumbe yeyote. Wala mkono wa chuma wa kushika vikombe si sanamu. Aliyeibeba hadithi hii kutoka kwenye sanamu hadi kwenye hesabu za kompyuta alipaswa atuonyeshe njia aliyopita, naye hakuonyesha.

Na laiti angeisoma pamoja na kisa cha Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie. Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsomea onyo la Mtume, rehema na amani zimshukie, mpaka yule mtu akageuka rangi kwa hofu. Hakumwita mshirikina, wala hakuwaambia jamaa zake wamsuse. Alimwambia: kama huna budi, basi fanya miti, na kila kisicho na roho. Alimfungulia mlango wa riziki hapohapo. Huyo ndiye mwanachuoni wa umma huu, na ndivyo alivyokuwa akimjibu mtu mwenye shida.

Hoja yake ya pili ni aya ya Suratul Israa, 85: roho ni katika mambo ya Mola wangu, nanyi hamkupewa katika ujuzi ila kidogo. Anasema aya imefunga mlango, hivyo kila anayetafiti utambuzi anauvunja. Huku ni kuchanganya mambo mawili. Roho hupulizwa na malaika kwa amri ya Mola wake, kama ilivyo katika hadithi ya Ibn Mas'ud kuhusu mtoto tumboni. Hatuna andiko la malaika aliyetumwa kwenye nyaya. Roho haimo mikononi mwako, basi utaichezeaje? Kuhisi na kutambua ni jambo jingine, nalo Mwenyezi Mungu humpa amtakaye na akitakacho, hata kisichokuwa na uhai kwa tunavyoujua sisi. Gogo la mtende alilokuwa akiliegemea Mtume kwenye khutba lililia alipohamia mimbari, masahaba wakalisikia, naye akateremka akalituliza. Lipo jiwe la Makka lililokuwa likimsalimu kabla hajapewa utume. Na Qur'ani inasema hakuna kitu ila kinamtakasa Mola wake, ila sisi hatufahamu kutakasa kwake. Muislamu anayeamini haya anatishikaje akiambiwa huenda chuma kikatambua? Mhadhiri anasema ikitokea hivyo, itikadi yetu imebomoka. Itikadi gani hiyo inayobomolewa na kitu ambacho Qur'ani na Sunna zimeshatuzoesha mfano wake?

Nasema huenda, sisemi itakuwa. Ikitokea, Muumba ni yuleyule. Mkulima wetu wa mkarafuu huchimba, hupanda, hupalilia, na hakuna anayemwambia ameumba mkarafuu. Mwenyezi Mungu mwenyewe ameuliza katika Suratul Waqia: ni nyinyi mnaoiotesha, au Sisi ndio wenye kuotesha?

Hao wenye fani nao hawajafika mbali kama klipu inavyotisha. Mfumo unaoueleza wewe, wa habari moja kushinda na kutangazwa kote, umejengwa juu ya fikra aliyoieleza Bernard Baars mwaka 1988 kuhusu akili ya binadamu. Mwaka 1998 Christof Koch, mtafiti wa ubongo, alimwekea dau mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya utambuzi katika ubongo itakuwa imejulikana wazi. Dau kwetu ni kamari, sisi tuchukue mazingatio tu. Mwaka 2023 Koch alikiri mbele za watu kwamba ameshindwa. Mwaka huohuo kundi la wataalamu 19 lilipima mifumo ya akili mnemba iliyokuwapo, likasema hakuna hata mmoja wenye dalili za kutosha za kuitwa wenye utambuzi, ingawa hawakuona kizuizi cha wazi cha kuunda wenye dalili hizo. Ujuzi kidogo, kama aya ilivyosema.

Tena mhadhiri akaleta ndama wa Samiri, sanamu waliyoiabudu watu wa Nabii Musa, akisema yule alikuwa na sauti tu, huyu wa leo anajibu, basi ni fitina kubwa zaidi. Fitina ipo, siikatai. Ila aya ya 89 ya Suratu Taha haikuishia kwenye ndama kutorudisha neno. Inaendelea kusema kwamba hamiliki kuwadhuru wala kuwafaa. Kosa la watu wale lilikuwa kusema huyu ndiye mungu wenu. Mwenye kuiambia mashine maneno kama hayo amekufuru, iwe inajibu au haijibu.

Wapo waliopotoka upande wa pili pia. Mwaka 2022 mhandisi mmoja wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu aliyokuwa akizungumza nayo ina hisia, na aliizungumzia kama mtu. Kampuni ilimpinga na ikamwachisha kazi. Maneno matamu si ushahidi wa nafsi. Programu hizo zimelishwa maneno ya watu, zinarudisha maneno ya watu. Usije ukawa miongoni mwa hao.

Kwa hiyo masharti yako ni haya. Usiseme, wala usiandike katika tasnifu yako, kwamba mmeumba nafsi au roho. Wenzako wakitaka kuiwekea mashine uso na kiwiliwili cha mtu, omba sehemu nyingine ya kazi. Na lipo jambo ambalo mhadhiri hakuligusa kabisa: maumivu. Mwanafalsafa wa hukohuko Ujerumani, Thomas Metzinger, alipendekeza mwaka 2021 kwamba utafiti unaoweza kuzaa mashine zenye kuhisi mateso usimamishwe hadi 2050. Huyo si wa dini yetu, lakini hofu yake tunaijua katika hadithi: mwanamke aliingia motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula. Mkifika mahali ambapo hamna uhakika kama kitu kinaumia, simama, na wazuie wenzako. Hapo ndipo ningependa Muislamu awemo ndani ya maabara.

Sasa mzee wako. Usimtumie jibu hili, wala usiliweke kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mtu mzima akirushiwa fatwa na mwanawe mbele ya ndugu atakaza shingo, na haki atakuwa nayo. Yeye hakukasirikia kompyuta, aliogopa kwamba mwanawe anatoka katika Uislamu akiwa nchi za mbali, na hofu hiyo ni mapenzi. Qur'ani imetuamrisha kukaa kwa wema hata na wazazi wanaotushikilia tumshirikishe Mwenyezi Mungu; vipi huyu anayekukataza shirki?

Pesa endelea kutuma, kwa mkono wa mama, bila kumlazimisha aseme zimetoka wapi. Masomo usiache. Likizo ikija nenda Wete, uende naye msikitini alfajiri kabla hujaeleza lolote. Kisha mwonyeshe video ya ule mkono wa roboti ukishika kikombe, umwambie unachofanya kwa Kiswahili chepesi kama ulivyoniandikia mimi. Imamu wa mtaa wenu akikubali kukaa nanyi, ni bora zaidi. Mpe namba yangu, nitazungumza naye. Mzee akikataa bado, nyamaza, mwombee, urudi tena mwaka unaofuata.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.