Baba mdogo anasema mashine ndiyo inayochora

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, naishi Morogoro. Nachora kwa tableti na kalamu yake, natumia programu ya Krita kwa kuwa ni ya bure. Baba yangu mdogo ni mchoraji wa Tingatinga, na ndiye aliyenishikisha brashi nikiwa darasa la tatu. Siku hizi akiziona kazi zangu ananiuliza, "Hapo umechora wewe au imechora mashine?" Naumia sana. Je, huu ni uchoraji? Na nikitaka kuuza, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni uchoraji, tena una undugu na wa baba yako mdogo kuliko anavyodhani. Mtazame akifanya kazi. Anapaka usuli ubao mzima, anaacha ukauke, maana akiharakisha twiga atachafuka. Kisha anaweka umbo la mnyama, anasubiri tena, ndipo yaje madoa, macho na kope. Hizo ndizo leya, yale matabaka ya picha tunayoyapanga moja juu ya jingine kwenye tableti! Photoshop, programu maarufu ya picha, ilitoka mwaka 1990 bila leya. Ziliingia 1994, toleo la 3. Edward Saidi Tingatinga alikwishaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadbodi. Mweleze hayo kwa adabu, siku ukimpelekea chai.

Wala si mambo ya vijana tu. David Hockney, mchoraji wa Uingereza aliyezaliwa 1937, alichora majira ya kuchipua ya Yorkshire kwenye iPad mwaka 2011, na mwaka uliofuata kazi hizo zikachapishwa kubwa na kutundikwa kwenye jumba la sanaa la Royal Academy, London. Lakini mkono ule ulikuwa umeshika brashi zaidi ya miaka 50.

Hapo ndipo swali la baba yako mdogo linapogusa ukweli. Kwenye Krita, ukichagua brashi, kuna mpangilio wa kulainisha mstari. Ukiuwasha, mkono unaotetemeka unatoka umenyooka. Uzime kwa miezi mitatu. Na kitufe cha kutengua kiogope zaidi. Mimi nilitoka kwenye mabango ya vinyozi Tanga, na mwaka wangu wa kwanza wa tableti nilichora shingo ya korongo, nikaitengua, nikachora, nikatengua, hadi adhana ya alfajiri. Shingo niliyobaki nayo ilikuwa laini kama mpira wa kumwagilia maji, haina mfupa ndani. Asubuhi nikachukua kipande cha hadbodi nikaivuta kwa pigo moja la brashi. Ikapinda kidogo pale chini, na korongo akasimama. Ubaoni unajua hakuna kurudi, kwa hiyo unaamua kabla brashi haijagusa. Kaa na baba mdogo hata Jumamosi moja moja, umwibie uamuzi huo.

Kuhusu kuuza, anza na chapa za karatasi. Fungua faili kubwa tangu mwanzo: kwa A3, pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3508 kwa 4961, yaani 300 kwa inchi. Faili ndogo ukiikuza baadaye, kope za twiga zitakuwa ngazi ngazi. Halafu rangi. Kioo kinachanganya mwanga, mashine ya kuchapa inachanganya wino, na ule ubluu wa bahari unaowaka kwenye tableti wino hauufikii. Niliwahi kuchapisha nakala 20 kwa mpigo bila kujaribu; bahari yangu ikatoka rangi ya maji ya kufulia, na hela ilikwisha kwenda. Chapa moja kwanza, itoe nje uitazame juani, rekebisha, ndipo uagize zilizobaki.

Mtandaoni weka picha ndogo tu, faili kubwa libaki kwako. Amua idadi ya nakala na usiizidishe, kisha kila moja itie sahihi na namba kwa penseli: 1/20, 2/20. Hiyo ya kwanza mpelekee baba mdogo, na usipokee hela yake.